Karatasi ya Kijani na Bega la Mama Furaha

Nilitoka Kitale nikiwa nimebana sanduku katikati ya magoti, kwa sababu sikumwamini utingo. Kutoka Nairobi ndege ilitushusha Cairo, tukangoja siku nzima bila kuelezwa tunangoja nini. Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne, na anwani ya binamu yangu wa Thamesmead. Alinipa siku mbili za kulala. Siku ya tatu alinipeleka Edmonton, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali.

Msimamizi wa Zamu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyeishi Tooting. Aliposoma fomu yangu alibadili lugha palepale.

"Kitale? Nyinyi iko watu ya mahindi. Kuinua gunia najua?"

"Najua, bwana."

"Hujui. Shika shingo, weka mbali na tumbo. Wewe sema iko sindano ndani mpaka uone hakuna."

Hilo lilikuwa somo la uchambuzi, yaani kutenga mashuka, taulo na kanzu za wagonjwa kabla ya kufuliwa. Wauguzi walisahau humo sindano, mikasi, hata meno ya bandia. Somo lilinikaa vizuri kuliko alivyokusudia.

Baada ya mwaka nilihamishiwa kwenye rola, mashine ya mitungi ya moto inayonyoosha mashuka. Watu wawili huilisha, kila mmoja na pembe yake, wakilirusha shuka lenye maji kwa pamoja. Mwenzangu alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mwimbaji wa kanisani. Siku ya kwanza nilimpa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Hakukipokea.

"Mukono ya kushoto ni ya kufukuza imbwa," alisema. "Miye niko imbwa?"

Nilibadilisha mkono. Tangu hapo tukaelewana, hata ile "njo" yake nikaijua kuwa ni "ndio" yetu. Mara mbili niliacha kazi hiyo, mara moja nikalinda duka, mara nyingine nikabeba maboksi ghalani, kwa kuwa sikuumbwa kukaa mahali pamoja. Mara zote nilirudi, na pembe ya pili ya shuka nikaikuta mkononi mwake.

Kiwandani tulikuwa na akiba ya matibabu. Kila wiki walikata kidogo kwenye mshahara wetu, na kiwanda kikaongeza kidogo. Hospitali za serikali zilitibu bure, lakini foleni ilikuwa ndefu. Kwa akiba hiyo mtu alilipia miwani, meno, au mtaalamu wa kukanda viungo. Msimamizi wetu, aliyechechemea, alilipia goti lake. Bega la kulia la Mama Furaha lilikuwa limechakaa kwa kurusha mashuka. Kila Alhamisi alikwenda kukandwa, na Ijumaa aliweza kuuinua mkono.

Tulipoingia miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa msaidizi wa msimamizi, Afisa wa Utumishi alituita chumba cha mapumziko. Kulikuwa na chai na biskuti mezani. Nikaanza kuogopa.

"Akiba yenu inahamia kwenye mpango wa matibabu ya uzeeni," alisema. "Itawangoja mpaka mfike miaka sitini, wakati mtakapoihitaji zaidi."

"Na anayeihitaji sasa?" niliuliza.

"Yote yameandikwa kwenye karatasi." Kisha akanisogelea. "Waeleze wenzako kwa lugha yenu. Wanakuamini."

Karatasi zilikuwa mbili. Nyeupe ilikuwa taarifa tu; akiba ingehama mwisho wa mwezi, upende usipende. Ya kijani ilitaka mtu athibitishe tarehe ya kuzaliwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mpwa wake Mama Furaha, aliyemjazia fomu za ukimbizi, alimpunguzia miaka kumi na miwili, akiamini hakuna atakayemwajiri mama anayekaribia hamsini. Wengi wa kanisa lao walifanyiwa hivyo.

"Kwa karatasi niko na makumi ine na sita," aliniambia. "Kwa magoti, makumi tano na munane. Bakiona bongo moja, hii uongo ya miaka, batatafuta ingine. Batanifukuza."

"Basi hii ya kijani usiiguse, Mama. Ni mtego."

"Unajua kweli?"

"Watu wasiotupa hata maji ya kunywa, leo wanaleta biskuti?"

Akacheka, akanirudishia karatasi. Nilikusanya za kijani za watu wetu wote nikazitia kwenye pipa la matambara.

Mwezi ukaisha, Alhamisi zake zikaisha. Wiki chache baadaye Msimamizi alistaafu, akatuletea sambusa kutoka Tooting. Niliona anatembea bila kuchechemea.

"Goti inaendelea kutibiwa," alisema. "Nilijaza ile kijani."

"Hawakudai cheti cha kuzaliwa?"

"Nyuma iliandikwa: kama hakuna cheti, barua ya daktari natosha. Anayetibiwa sasa naendelea. Wewe hukugeuza?"

Alinitazama kama siku ile ya kwanza.

"Mimi nilisema shika gunia mbali. Sikusema usifungue."

Nilikwenda kwa Afisa siku hiyohiyo. Akasema muda umepita na kwamba yote yalikuwa yameandikwa. Mpaka leo najiuliza kwa nini msaada uliwekwa nyuma ya swali ambalo watu wetu waliliogopa kuliko yote. Lakini kugeuza karatasi ilikuwa kazi yangu.

Nilimwambia Mama Furaha tukiwa kwenye rola. Akarusha mashuka matatu.

"Ulisema mutego," alisema mwishowe.

"Nilisema."

"Sasa miye njo niko ndani. Lisha mashine."

Tangu siku hiyo nilibadilisha upande, ili arushe kwa mkono mzima. Tulifanya hivyo miaka miwili, mpaka miguu yangu ilipoanza tena kuniwasha kwa hamu ya safari na nikakata tikiti ya kurudi Kitale, bila tikiti ya kurudi London.

Huku vijana wananiita mzee wa London ingawa sijafika hamsini. Wakiniletea fomu za bima za makazini mwao niwasomee, naanzia ukurasa wa nyuma. Bado siamini biskuti za mkutanoni. Akiba yangu ingali kule, na sijui kama itanifuata. Ya Mama Furaha itafunguka karatasi zake zitakapofika sitini, naye akiwa na sabini na miwili.

Siku niliyoondoka alinisindikiza hadi kituo cha basi cha Edmonton. Nilipokwisha kupanda, alijaribu kuinua mkono wa kulia. Ulifika kifuani, ukakataa. Akauteremsha, akainua wa kushoto.

"Usiseme nakufukuza," aliniambia kabla mlango haujafungwa. "Njo huu ulibakia."