Bundi Ndani ya Agaseke

Jamani, sasa naweza kucheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze na suti yangu ya kuazima, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu ndugu wa mke wangu wanasimulia kila mahali na wanatia chumvi.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaopenda kuangalia ndege, na siri yangu ilikuwa spika ndogo ya kuunganisha na simu: unapiga sauti ya bundi, ndege wadogo wote wa jirani wanakusanyika kumzomea adui wao, mgeni anapiga picha, mnarudi mapema. (Najua, ni kuwasumbua viumbe wa watu. Hata wakati ule nilijua.) Basi asubuhi ya siku ya kwenda kumposa Diane, ambaye sasa ni mke wangu, kwao Kanombe hapa Kigali, mgeni mmoja akanibembeleza, saa moja tu, nami nikakubali, nikatoka mbio bondeni chini ya Kagugu na matope hadi magotini, nikavalia suti ndani ya gari, na kwa kuwa spika haikuingia mfukoni nikaichomeka kwenye agaseke, kile kikapu cha kifuniko chenye ncha ambacho shangazi alikuwa amekipakata, kimejaa zawadi za wakwe. Nitaitoa tukifika, nilijisemea, na tulipofika nikasahau.

Agaseke ikawekwa mezani mbele ya wazee. Msemaji wao, mzee ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kutukatalia kwa utani mpaka jasho litutoke, alikuwa anauliza kama kwetu mabinti wamekwisha, ndipo nikakumbuka kwamba simu yangu inaweza kulia. Kuitoa mbele ya wazee ni utovu wa adabu, kwa hiyo nikapenyeza mkono mfukoni, nikabonyeza kwa kupapasa ili niizime sauti.

Bundi akalia. Kule mezani, ndani ya kikapu.

Watu wakageukia meza, naye akalia tena (nilikuwa nimeipanga sauti ijirudie), na bibi yake Diane akasimama na fimbo yake.

"Yesu we! Igihunyira! Hawa watu wametuletea bundi nyumbani!"

Bukoba nilikokulia na hapa Kigali bundi ni mkosi uleule, basi watoto wakakimbia, wajomba wakazingira meza wakipiga kelele, nami kila nikibonyeza kuzima ndio kwanza naongeza sauti. Nikamwona Diane mlangoni, wakati hakutakiwa hata kutoka kabla wazee hawajakubali, macho yamejaa machozi, na hapo nikaogopa kweli kwamba nitarudi bila mke kwa ajili ya mgeni wa saa moja.

Nikaenda nikafungua kifuniko mwenyewe. "Wazee wangu, mnisamehe, ni kifaa cha kazi."

Msemaji akaigeuzageuza spika. "Bundi yenu iko na betri?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hii si mkosi, ni ujinga. Ujinga tunaweza kuozesha. Mkosi hapana."

Watu wakaangua kicheko, Diane naye akijifuta machozi. Nikanyoosha mkono nichukue spika yangu, shangazi akanikanyaga mguu: kilichoingia kwenye agaseke ni cha wakwe, hakiombwi tena.

Tangu hapo sidanganyi ndege, nasubiri waje wenyewe, na mgeni akilalamika namwambia avumilie. Ila spika iko kwa baba mkwe, anasikilizia nyimbo za kanisa, na simu yangu bado inaikumbuka na kujiunga nayo yenyewe, kwa hiyo kila tukienda Kanombe, kabla sijasalimia mtu, Diane ananyoosha mkono nimkabidhi simu.