Msiba wa Baba Yake Sista

Mimi niliishia darasa la nne. Nyumba hii ya Njombe, shamba la miti, mashine ya kupasua mbao kule Makambako, vyote ni jasho langu. Jambo lisilo na faida huwa nasema wazi kwamba halina. Ndivyo nilivyomfanyia jirani yangu, muuguzi mstaafu kutoka Lithuania, tunayemwita Sista, aliponisimulia habari za baba yake.

Nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wasovieti. Wapiganaji wanane waliingia kwenye handaki nyumbani kwa mkulima, wakaandika kwamba nchi ni huru na wao ndio viongozi wake, wakatia sahihi. Baba yake alisimama nje kwenye theluji, akilinda.

"Sasa Sista, karatasi hiyo ilimfukuza nani?"

"Hakuna. Hata mmoja wao hakuishi kuuona uhuru."

Baba yake naye aliuawa, maiti ikatupwa sokoni, wanajeshi wakawa wanaangalia nani atalia ili waikamate familia. Sista alikuwa mtoto. Alipita na mama yake kama wanampita mgeni. Miaka mingi baadaye bunge lao huru liliikubali ile karatasi. Kaburi halijapatikana mpaka leo.

Mtu asiyeliliwa! Sikuweza kuvumilia. Asubuhi niliwaambia kina mama wa jumuiya kwamba Sista amefiwa na baba. Lini, sikusema.

Wakaja na unga, maharage na kuni, wanalia tangu barabarani. Sista akatoka, macho makavu. Mmoja akanong'ona kwa Kibena kwamba huyu hakumpenda baba yake. Ikabidi nisimame nieleze yote, pamoja na kwamba imepita miaka sabini na zaidi tangu auawe.

"Mzee," akasema mwingine, "na wewe ukifa tutakuja baada ya miaka sabini."

Wakacheka kidogo. Wakamuuliza Sista kama waondoke.

Akakaa kwenye mkeka. "Siku ile mama alinibana mkono nisilie. Tangu hapo siwezi. Lieni ninyi."

Wakataka jina la marehemu. Akalitaja. Likawashinda, wakalilia hivyo hivyo walivyoweza, naye akawa anawasahihisha, polepole, mara ya pili, ya tatu, mpaka wakalipatia.

Hapo akavuta khanga, akajifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Nikageuka, nikachochea moto wa maharage, asione kwamba kuna mtu anamwangalia.