Kitanzi cha Waya Mikononi mwa Boke

Boke Machage alizaliwa Butiama kwenye boma la ng'ombe, akasomea uuguzi miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Katika hospitali ya misheni mjini Musoma alichemsha glavu zilezile mpaka zikapauka. Biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia, mwaka 1993 lilifika sanduku kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na mpira mweusi mrefu wenye taa nchani, wa kutazamia utumbo mpana.

Stanislausi, mchimba dhahabu wa zamani wa Buhemba, alikuwa akijisaidia damu. Daktari Leodgar alimpima kwa mpira huo, akakuta kinyama kimeota utumboni, akampangia siku ya kukitoa. Siku hiyo Boke alimuuliza, "Shikamoo, baba. Kuna dawa unatumia?"

"Marahaba. Ya magoti tu. Aspirini namezaga kila siku. Hiyo nayo ni dawa?"

Boke alimwambia Leodgar, naye akaahirisha. "Inazuia damu kuganda. Aiache siku kumi, arudi."

Mzee alinung'unika, lakini alitii.

Aliporudi, Leodgar alipitisha sindano ndefu ndani ya mpira ule, akaingiza maji ya chumvi chini ya kinyama. Akampa Boke nafasi achungulie. Kinyama kilikuwa kinainuka taratibu, kama andazi linaloumuka.

"Ukuta wa utumbo ni mwembamba sana," Leodgar alisema. "Maji yanaukinga usiungue ukatoboka." Kisha akapitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira, akakizungushia kinyama, akamkabidhi Boke mpini wake. "Funga polepole. Ukifanya pupa kitakatika kabla umeme haujaziba mishipa."

Boke alifunga kwa mikono iliyokulia kukamua ng'ombe. Leodgar akakanyaga swichi, umeme ukapita kwenye waya, kinyama kikakatika. Boke alipochungulia tena aliona alama nyeupe ya kuungua, hakuna hata tone la damu. Mtu yu hai, anapumua, na yeye ametazama mahali ambapo hata mama aliyemzaa hakupata kupaona.

"Imekwisha?" Stanislausi aliuliza. "Na kisu?"

"Hakuna kisu, baba. Ila Buhemba usirudi kwanza. Tumbo likiuma, homa ikija au damu ikitoka, uje upesi."

Mzee alikaa wiki mbili kwa dada yake mjini. Damu haikutoka tena.

Boke aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu. Wauguzi wapya walimdhania mkali, kwa vile kila alipochungulia hakuwa akisema neno. Kumbe alikuwa anastaajabu.