Ndevu Zangu na Kanzu ya Mshenga

Binti yangu Mwanaidi hutengeneza losheni ya nywele hapa kwetu Masuguru. Mimi huipaka ndevuni kila asubuhi bila kuuliza ina nini.

Juzi ulikuja ujumbe kutoka Sindeni kumposa. Badala ya kumkaribisha mshenga, nikaikodolea macho kanzu yake iliyong'aa.

“Hariri ni haramu kwa mwanaume,” nikamkemea kwa kiherehere changu, nikijiona shehe.

Mshenga akainuka, akaokota viatu vyake. Nyuma ya pazia nikamsikia binti yangu analia.

Mlangoni mgeni akageuka. “Na ndevu zako, mzee, mbona zinang'aa kuishinda kanzu yangu? Unapaka nini?”

“Mwanaidi, mwambie,” nikajigamba.

Pazia likatikisika. “Losheni yenye protini ya hariri, baba.”

Mshenga akaweka viatu chini, akarudi kuketi, akinitazama kidevu.