Mke wangu anamsomea njia dereva wa rally, nikawa naombea mvua iharibu mashindano

Wakuu, heshima zenu popote mlipo, wenye umeme na mliokatiwa.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, hakuna cha "rafiki yangu mmoja". Nimebadilisha majina tu, maana baadhi yenu mnanijua.

Naishi Bunju na mke wangu, tumwite Salma, na binti yetu Naima. Salma ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo barazani. Ila tangu mwaka jana ana kitu kingine: ni msoma ramani kwenye mashindano ya magari.

Kwa wasiojua, gari la rally linakaa watu wawili. Dereva anakanyaga mafuta, msoma ramani yuko pembeni na daftari, anamtajia kona kabla haijaonekana. "Kushoto nne, kulia mbili, shimo, kaza." Namba ikiwa ndogo ujue kona ni kali. Dereva hana muda wa kuchungulia mbele, anaendesha kwa masikio.

Dereva wake anaitwa Beka, jamaa wa Sinza, muuza spea. Mrefu, ndevu za kuchonga. Ananiita braza kwa adabu zote, na hiyo adabu ndiyo inaniudhi zaidi.

Sizunguki: nina wivu, tena ule wa kukosa hamu ya kula.

Wale watu wanavaa helmeti zenye maiki. Wanaongea wawili tu humo ndani, sisi tuliobaki barabarani tunakula vumbi. Kuna klipu ilirushwa kwenye grupu lao, nimeisikiliza mpaka nimeikariri. Gari linakata kona kali, halafu inasikika sauti ya Salma: "Safi! Safi sana!"

Jamani, ndoa yote hii, mimi nikiendesha ninachoambiwa ni "angalia bodaboda huyo".

Sasa Jumapili hii kuna mashindano Kimbiji. Na mvua ndiyo hii mnayoiona.

Majirani wanalia na maji ndani, mimi kila asubuhi natoka nje kuangalia mawingu kama mtu anayesubiri mshahara. Kisa ni kwamba Salma alinieleza mwenyewe, huku anapiga pasi, mvua inafanya nini kule. Sehemu za mchanga zikilowa zinashika vizuri, gari linakwenda. Balaa ni mabondeni kwenye udongo mweusi. Unateleza kama sabuni, na maji yakituama huwezi kujua dimbwi ni la kisigino au la kiuno. Halafu daftari waliloandika wakati wa jua linakuwa la uongo. Kona iliyokuwa nne inabidi isomwe mbili, vinginevyo mnaishia kwenye mikorosho ya watu.

"Ikizidi sana wanaweza kuahirisha," akasema.

Hilo neno kuahirisha nililipenda sana.

Kwenye grupu lao wakaanza kuchangishana wamlete mzee mmoja wa huko huko anayefunga mvua kwenye harusi. Beka akanipigia na mimi nichangie. Nikamjibu imani yangu hainiruhusu mambo hayo. Mnafiki mkubwa mimi. Harusi yangu mwenyewe mvua ilifungwa.

Basi Jumatatu waandaaji wakatoa msimamo: hakuna kuahirisha, kimekatwa kipande kimoja tu cha bondeni. Wasoma ramani wameruhusiwa kupita tena njia taratibu, na magari ya kawaida, waandike upya.

Siku hiyo hiyo Beka akafiwa na baba yake mdogo, akaondoka kwenda Tunduru. Atarudi Jumamosi. Kwa hiyo Salma akapanga kwenda Kimbiji na fundi wa Beka, kijana mmoja wa mazoezi anayevaa fulana za kubana hata siku za baridi.

"Fundi wa nini?" nikamwambia. "Nitakupeleka mie."

Akaniangalia. "Utafuata ninachokwambia lakini?"

"Mie si dereva?"

Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Tukavuka daraja la Kigamboni na kigari changu cha IST, mvua ya rasharasha. Mwanzo kulikuwa kutamu kweli. Kalamu mkononi, daftari magotini, anasoma ya zamani, anakata, anaandika mpya. Nikawa najiona mimi ndiye Beka. Nikaongeza mwendo kidogo. Nilikuwa nasubiri lile neno safi, nikasubiri weee, halikuja.

Tukafika mteremko mmoja, chini kumetuama maji.

"Kulia nne... hapana, sasa ni mbili," akasema. "Halafu kaa ukingo wa kushoto. Usiingie katikati."

Mimi naangalia ukingo, naona majani na matope. Katikati maji yametulia, kumenyooka vizuri. Nikamwambia, "Si naona kwa macho yangu."

"Baba Naima, kushoto."

Nikapita katikati.

Gari lilizama mbele kwanza, likazima. Maji yakaingia taratibu kwenye viatu vyangu. Nikawasha, likakohoa, likanyamaza kabisa.

Nilijua sasa nitachambwa. Wapi, wakuu! Akafunga daftari akaliweka kifuani lisilowe, akavua viatu, akakaza khanga kiunoni, akashuka kwenda kutafuta watu. Ningefurahi kama angenitukana.

Wakaja vijana na kina mama waliokuwa wanatoka shamba. Mama mmoja mtu mzima nikampa shikamoo huku nimekaa kwenye maji. "Marahaba mwanangu," akasema. "Hapo katikati si walichimba mchanga? Watu wote tunapita kushoto."

Hata kucheka hawakucheka kwa sauti, walinihurumia.

Tulipotolewa tukakaa pembeni kusubiri gari likauke. Nikaona bora nilitoe lililonikaa rohoni.

"Hivi Beka angepita wapi?"

"Ningemwambia kushoto, angepita kushoto."

"Hata kama haoni njia?"

"Hata kama haoni." Alikuwa anakamua khanga, wala hakuniangalia. "Unajua kwa nini naupenda huu mchezo, baba Naima? Mle ndani nikisema kitu, mtu anakifanya hapo hapo. Haniulizi mara mbili. Nyumbani nilikwambia bomba la kushushia maji ya bati limeziba, ukasema unaliona. Sasa hivi chumba cha Naima kinavuja."

Bomba kweli niliambiwa, tena kabla ya mvua kuanza.

Gari lilipowaka, njia nzima ya kurudi nikawa natafuta kosa la Beka nilishike, sikulipata. Miezi yote nimemchunguza ndevu, simu, utani wake, kumbe kinachomfanya mke wangu ang'ae ni kwamba yule bwana ana masikio. Na wivu haukupungua, ulizidi. Ndevu ningeweza kufuga. Hili la kusikilizwa nilikuwa nalo ndani ya nyumba yangu, nikashindwa kumpa, akaenda kulipata kwenye gari la mtu.

Leo asubuhi nampeleka Tegeta kununua nyuzi. Tunatoka mtaani, akasema, "Pita njia ya juu, ya chini imejaa."

Mdomo wangu ulishafunguka kusema mbona wenzetu wanapita chini. Nikaufunga. Nikakata kona kwenda juu.

Akaangalia dirishani. Halafu akasema, polepole, "Safi."

Wakuu, nusura nisimamishe gari.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namlinda mke asichukuliwe na mtu ambaye hakuwa anamchukua, huku mimi mwenyewe nikimfukuza kila siku kwa "naona". Wivu ninao bado, sitawadanganya. Jumapili wakiwa mle ndani na maiki zao nitaumia. Lakini nitakuwepo, nimesimama mvuani.

Bomba nimelizibua jana. Kuvuja kumepungua.

Wenye ndoa zenu mseme, mnawezaje hili jambo? Na mliopo Kimbiji, naomba mniambie udongo wa mabondeni ukoje baada ya mvua ya leo, na maji yametuama wapi. Kuna mtu hapa ameshika kalamu, anasubiri nimsomee.