Bomba Fupi la Jiko la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda, heri niseme mapema. Tuliishi boma moja huku Matinyani na tukapikia jiko moja. Mume wangu alipoleta fundi atujengee jiko la kisasa, lenye bomba la kutoa moshi nje, niliimba siku nzima. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu na kifua chake kilipiga filimbi kila akilala. Daktari alikuwa ameshaniambia: huyu mtoto umtoe kwa moshi.

Fundi akajenga. Bomba likatoboa mabati, likachungulia nje kimo cha kikombe, basi. Upepo ukivuma, moshi wote unarudi ndani. Mimi nasonga ugali huku nalia, mtoto anakohoa hadi anatapika. Nikilalamika, mama mkwe anavuta kigoda karibu na moto.

"Sisi tulilelewa humo," anasema. "Ni moshi tu, hauui mtu."

Mtoto alipolazwa mara ya pili, nilichoka. Nilimwita fundi siku ambayo mama mkwe alikuwa ameenda kijiji cha Tulia kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikamkaripia kabla hajashusha ngazi begani. Fundi gani wewe, hata bomba hujui kupima!

"Mama, usinitusi bure," akasema. "Mimi nilileta bomba refu. Susu wa mtoto, huyo nyanya yake, ndiye aliniambia nikate hapo hapo, ati moshi urudi kwa mbegu zake."

Nikatazama juu. Chini ya mabati yalining'inia mahindi yake ya mbegu, bado na maganda, meusi tii kwa masizi. Alipewa na mamake alipoolewa, na kila msimu hupanda, huchagua mazuri, hutundika tena. Moshi ndio hufukuza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Kumbe yule mama alipima kifua cha mjukuu wake na mahindi, akachagua mahindi!

"Ongeza bomba," nikamwambia fundi. "Lipite paa kabisa."

Mama mkwe aliporudi alikuta jikoni kweupe. Akatazama bomba, akanitazama mimi. Nilidhani atawaka, lakini alisema kwa upole, "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Ukiona dumuzi huko juu, uniambie."

"Sawa, mama."

Baada ya wiki chache unga laini ulianza kudondoka kutoka kwenye yale mahindi juu, ukiangukia mifuniko ya sufuria. Nikapangusa, nikapika. Kila Jumapili aliniuliza, nami kila Jumapili nikamjibu mbegu ziko salama. Akutendaye mtende. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Mvua ilipokaribia, akaweka jembe mlangoni na kuniomba nimshushie mahindi. Hindi la kwanza lilivunjikia mkononi mwake likawa vumbi. La pili vilevile. Alimenya yote, moja moja, asiache hata moja, kisha akaketi sakafuni na maganda mapajani, machozi yakimtiririka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi.

"Mbegu ziko dukani, mama," nikasema.

Binti yangu akaingia mbio kutoka nje, hakohoi, hata hahemi.

"Mama, susu analia nini?"

"Ni moshi tu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Hauui mtu."