'Lini dawa yangu ikawa bluu?': Mjaza matangi aliyegoma kusaini

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu amepiga goti moja kwenye lami, nusu ya kichwa chake imezama ndani ya kilango kidogo ubavuni mwa gari kubwa jeupe. Mkono wa kulia ameshika mpira wa kujazia. Wa kushoto ameuweka juu ya tangi, kama anayempima mtoto homa.

"Sikiliza mlio," anasema bila kugeuka. "Ukiwa mwembamba, unaacha. Ukileta tamaa ya kujaza mpaka juu, linakutapikia."

Mlio unakuwa mwembamba, naye anaacha. Tone moja limedondokea rangi ya gari na analifuta papo hapo kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu likikauka litaacha unga mweupe na kuanza kula chuma.

Yadi hii inakodisha magari thelathini na moja yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Wafanyakazi wanayaita kobe, maana yanatembea na nyumba zao mgongoni. Kila kobe, mbali na tangi la dizeli, ana tangi la lita ishirini la kimiminika kinachopuliziwa kwenye bomba la moshi ili kuua sumu yake.

Tangi hilo likikauka, gari linagoma. Ukizima injini haiwaki tena, hata kama dizeli imejaa tele. Kwa miaka tisa sasa, kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na sita ni kuhakikisha hakuna familia inayokwama porini kwa sababu hiyo.

Leo Ijumaa, huenda ikawa siku yake ya mwisho.

Mfukoni amekunja barua ya ofisi, imechapwa kwenye karatasi ngumu yenye nembo. Inasema kwamba yeye, kwa hiari yake, anakiri kuchanganya maji ya bomba kwenye tangi la gari la kampuni ili aibe kilichobaki. Akisaini kabla ya saa sita mchana, atabaki kazini na kukatwa mshahara. Asiposaini, afungashe virago.

"Kalamu ninazo tatu," anasema, akijigonga kifuani. "Wino si tatizo. Tatizo ni kwamba mimi si mwizi, na hapo pa saini patabaki peupe hivyo hivyo mpaka nizikwe."

Ugomvi wote huu, ukiufuata mpaka mzizi, unatokana na jina.

Ofisini, kimiminika hicho kinaitwa maji ya bluu. Mafundi, wao, walikuwa wanakiita mkojo, kwa kuwa kimetengenezwa kwa urea na kikimwagika juani kinanuka choo. Kwa hiyo mjazaji naye akawa Mama Mkojo.

"Mtu mzima mimi, nina binti anasomea uuguzi, napigiwa kelele toka getini, 'Mama Mkojo, njoo umkojolee huyu!'" anasema na kucheka, ingawa kicheko hakifiki machoni. "Siku moja nikasema basi. Hii inaitwa dawa ya moshi, na mimi ni Mama Dawa. Atakayeniita vingine atajijazia mwenyewe."

Aliwagomea wiki mbili. Mafundi, ambao hakuna hata mmoja aliyependa kupiga magoti kwenye lami ya moto, wakasalimu amri.

Ofisi haikusalimu amri. Fomu ziliendelea kusema maji ya bluu, na meneja akipokea simu alisema maji ya bluu. Mama Dawa anasema alimfuata mara tatu. "Nikamwambia, bosi, usiite maji. Mtu akisikia maji, atatia maji. Akanijibu, 'Mama, wewe jaza, majina tuachie sisi.'"

Hofu yake ilikuwa na sababu. Kobe ana midomo mitatu: wa dizeli, wa maji ya kunywa na kupikia, na wa dawa. Miwili ya mwisho ina vifuniko vya bluu. Kwa akili yake mwenyewe alifunga kamba nyekundu kwenye kila kifuniko cha dawa, na kila mwezi anabadilisha zilizochakaa.

Wiki tatu zilizopita, kobe mmoja alirudishwa yadini akiwa amebebwa juu ya lori. Pampu ya dawa ilikuwa imekufa na mfumo mzima ulihitaji kubadilishwa, kwa gharama inayolingana na mshahara wa mama huyu wa miezi kumi na sita. Fundi mkuu akapima kilichokuwemo tangini na kuandika neno moja: imezimuliwa.

Nani hujaza? Mama Dawa. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Jana jioni, mwandishi wa makala haya alimtembelea nyumbani kwake. Ni vyumba viwili, na nusu ya sebule imechukuliwa na benchi la mumewe, fundi viatu mpole mwenye vidole vyenye gundi.

"Mke wangu, saini yaishe," alisema mumewe huku akipiga misumari. "Mtoto kabakiza mwaka mmoja tu. Ukifukuzwa sasa tutaanzia wapi?"

"Baba, mteja akivaa kiatu chako kwenda kuogelea, kikaachia, utasaini kwamba uliiba uzi?"

Nyundo ilisimama hewani. "Hapo umenikamata," akasema.

"Sasa mbona mimi unataka nisaini?"

Mumewe akarudia misumari yake. Ila aliponisindikiza mlangoni alinong'ona kwamba ana wasiwasi, na kwamba mkewe hajui kupinda. Sikujua kama analalamika au anajisifu.

Saa nne leo, mwenye kampuni anafika, na wafanyakazi wote wanaitwa ofisini. Ni mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa mnyororo, hana muda wa kupoteza. Meneja anaanza kueleza, barua, hasara, uaminifu, na maelezo yanatiririka kama aliyekariri.

"Shikamoo mama," Mama Dawa anamwambia mwenye kampuni akimaliza kusikiliza. "Naomba dakika tano."

Anaweka mezani chupa mbili zisizo na rangi. Moja ameijaza asubuhi hii kutoka kwenye pipa lake. Ya pili ilikingwa kutoka tangi la kobe aliyekufa, mbele ya fundi mkuu, na fundi mwenyewe akaifunga kwa utepe na kuandika tarehe. Ya kwanza ni nyeupe, unaona mpaka upande wa pili. Ya pili ina ubluu uliopauka.

Meneja anaruka. "Si mnaona wenyewe? Hii ya tangini ni ya bluu kama inavyotakiwa, ila imepauka kwa sababu kaizimua! Na hii nyingine ndiyo balaa kabisa, maji matupu! Kajileta mwenyewe!"

Fundi mkuu anaangalia viatu vyake. Nyuma yangu kuna mtu anakohoa ili asicheke.

"Bosi," Mama Dawa anasema taratibu, "lini dawa yangu ikawa bluu?"

Meneja anamtazama fundi mkuu.

"Miaka tisa mimi naijaza. Haina rangi. Bluu ni kifuniko tu. Wewe unaisimamia, unaiagiza, unaiandika kwenye fomu, na hujawahi hata siku moja kuja kuitazama."

Anaitikisa chupa ya kwanza. Vipovu vichache vinapanda na kupotea. Anatikisa ya pili, na povu jeupe linajaa mpaka shingoni, linakaa.

"Povu la nini hilo?" anauliza mwenye kampuni, miwani sasa iko puani.

"Sabuni, mama. Haya ni maji ya kuoshea kioo cha mbele. Hayo ndiyo ya bluu. Sasa naomba apigiwe mteja. Wiki tatu naomba namba yake, nanyimwa."

Mwenye kampuni anaamuru namba itafutwe, simu inawekwa sauti ya juu. Mteja ni mwalimu mstaafu aliyekuwa safarini na mkewe. Anaitikia kwa furaha, akidhani anaulizwa kama alifurahia likizo.

"Taa ya njano iliwaka tukiwa mbali," anasimulia. "Nikapiga hapo ofisini. Kijana mmoja akaniambia, mzee, fungua kifuniko cha bluu, ongeza maji ya bluu. Mke wangu akasema, haya hapa, yapo kwenye boksi la vifaa! Tukamimina galoni zima. Kwani tulikosea, mwanangu?"

"Hamkukosea, mzee wangu," anasema Mama Dawa, akiinamia simu. "Mlifanya mlichoambiwa."

Mwenye kampuni anamgeukia meneja. Meneja anakiri kwamba simu ile aliipokea yeye, na kwamba aliisahau.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini mwenye kampuni, kwa nia njema, anapendekeza barua nyingine, fupi, kwamba palitokea kutoelewana. Pande zote zisaini, faili lifungwe.

"Kwa heshima yote, mama, sisaini," Mama Dawa anasema. "Mimi na yeye tulielewana vizuri sana. Nilimwambia asiite maji, akaniambia nimwachie majina. Faili sikulifungua mimi. Aliyelifungua alifunge."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Neno. Nataka kuanzia leo neno libadilike. Kwenye fomu, kwenye simu, na kwenye kila gari."

Mwenye kampuni anakubali. Nje, nikamuuliza Mama Dawa kuhusu kuombwa radhi. Akapuliza hewa puani. "Radhi ataileta akiwa tayari. Neno siwezi kulisubiri, Jumatatu wanatoka kobe sita."

Jumatatu saa mbili asubuhi, amepiga goti pale pale. Safari hii mkono wa kulia umeshika kopo la rangi ya kupulizia.

Kiolezo cha herufi anachokipulizia rangi amekatiwa na mumewe kwa kisu cha ngozi, Jumamosi nzima. Hakuhitaji kununua karatasi ngumu. Ukisogea karibu unasoma, katikati ya matundu ya herufi, mabaki ya maneno yaliyochapwa: "kwa hiari yangu", "nakiri", na nembo ya kampuni kwenye kona. Matundu yenyewe yanasema: DAWA YA MOSHI. SI MAJI.

Meneja anapita, anasimama. Anaitambua karatasi.

"Mama Dawa," anasema, na ni mara ya kwanza kumwita hivyo. "Upepo unaipeperusha."

"Basi ishike hapo, bosi. Vidole vyako vitachafuka lakini."

Anaishika. Vidole vinachafuka. Haiachii mpaka rangi inakauka.

Akimaliza wote thelathini na moja, Mama Dawa anataka kwenda yadi nyingine za mjini, kuwafundisha wajazaji kutofautisha midomo, kutikisa chupa, na kutopokea jina lolote ovyo. Karatasi bado imara, anasema, itahimili.

Anainyanyua nione. Chini kabisa palikuwa na mstari wa saini. Fundi viatu alikata hapo hapo, na mstari wote umeondoka na maneno SI MAJI.

"Walitaka saini yangu," anasema Mama Dawa, akitikisa kopo na kumfuata kobe wa pili. "Waje waisome."